Mrejesho: albamu yangu ya gitaa imetoka

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Niliwauliza namna ya kutoa albamu bila lebo: nyimbo zangu mwenyewe, gitaa kavu mbele, ngoma na besi nyuma. Imetoka, asanteni sana.

Usajili wa BASATA (baraza la sanaa la taifa) na COSOTA (ofisi ya hakimiliki) umekamilika, hapo sina la kuongeza. Kazi ilikuwa kwenye sauti. Mdau aliyesema turekodi usiku ameinusuru albamu hii, maana studio imepakana na gereji, na gitaa kavu halifichi kitu: grenda ikiunguruma, imo. Usiku hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi unavisikia. Mlio huo fundi alitaka kuufuta, nikakataa. Ndio uhai wa wimbo.

Kwa mnaofuata: Spotify haipokei wimbo moja kwa moja kutoka kwa msanii, unapitia kwa msambazaji, yaani kampuni inayokupelekea nyimbo huko. Kila wimbo unapewa namba ya ISRC, yaani utambulisho wake wa kimataifa, herufi na tarakimu jumla 12. Andaeni faili za WAV (sauti isiyobanwa) na jalada la mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Na mgawanyo wa haki na wapigaji wenzenu uandikwe kabla ya kuingia studio, tafadhali sana.

Sasa nataka kuipiga laivu Arusha. Mwenye kujua ukumbi mdogo wenye spika safi anitonye.