Ushauri: Nitoke ngumi za ridhaa niingie za kulipwa? Nipo Mtwara, uzito wa juu

Lukuledi:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu, usiku wa tatu sasa sipati usingizi.

Nina miaka 24, naishi Mtwara mjini, Chikongola. Nacheza ngumi za ridhaa tangu 2021, uzito wa juu. Nina kilo 93, urefu futi sita na inchi mbili. Klabu yetu haina ulingo. Tumechora mraba kwa chaki kwenye sakafu ya ghala la zamani, na begi letu ni gunia la korosho tulilojaza nguo chakavu, chini kukiwa na mchanga kidogo. Kocha hatulipishi hata mia.

Shida ya uzito wangu ni wapinzani. Wenzangu wadogo wanapigana kila mashindano. Mimi nasafiri kutwa nzima kwenye basi mpaka Dar, nafika naambiwa mpinzani hajatokea, refa ananinyanyua mkono, narudi nyumbani na medali ambayo sikuitolea jasho. Muda wote huu nimepigana mara tisa tu.

Sasa kuna promota wa Dar amenipa nafasi ya kuanza ngumi za kulipwa. Raundi sita, milioni moja na laki mbili. Mimi napakia magunia kwa siku, hiyo hela sijawahi kuishika kwa pamoja. Pambano limebaki siku 17. Kocha wangu sijamwambia. Niende, au nibaki ridhaa nisubiri kuitwa timu ya taifa? Natanguliza shukrani.

Mtani wa Newala:
Kilo 93! Mtani wangu, ming'oko yote ya Mtwara unakula peke yako? Haya, nenda. Mwakinyo ni mtoto wa Tanga tu, Septemba 2018 akapanda ulingo Birmingham akammaliza Sam Eggington raundi ya pili, na kabla ya hapo nani alikuwa anamjua kule? Mlango ukifunguka ingia.

Mwalimu Mstaafu:
Kijana wangu, pesa isikupofushe. Teófilo Stevenson wa Cuba alichukua dhahabu ya Olimpiki uzito wa juu mara tatu, 1972, 1976 na 1980. Wamarekani wakamtandikia mamilioni ya dola apigane na Ali, akakataa. Mwaka 1970 nilikuwa darasa la nne, redio ilikuwa moja kijiji kizima, tukasikia Titus Simba amepata medali ya fedha Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Tulishangilia mpaka mwenye redio akaizima kuokoa betri. Hakuna aliyeuliza Simba amelipwa shilingi ngapi. Vijana wa leo mnauliza bei kwanza.

Bi Hadija:
Mwalimu, shikamoo. Stevenson alikuwa na serikali nzima nyuma yake. Huyu mtoto ana gunia la nguo chakavu. Tusimtwishe mzigo wa Cuba.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Basi aombe jeshini. Mabondia wetu wengi wazuri wa ridhaa wapo kwenye majeshi, wanapata mshahara na muda wa mazoezi. Changalawe na Mbundwike walileta shaba mbili za Jumuiya ya Madola kutoka Birmingham 2022, na wote walikuwa wa ridhaa.

Ulingo wa Zamani:
Nimecheza ngumi za kulipwa miaka saba, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Kwenda au kutokwenda tutaongea baadaye, kwanza nijibu haya. Mpinzani ana kilo ngapi na amecheza mara ngapi? Umesaini? Umepokea chochote? Na kwa nini kocha wako hajui? Bondia anayemficha kocha wake huwa kuna kitu.

Mnyanja wa Msimbati:
Hapo kwenye kupokea pamenigusa. Mimi nilipokea laki mbili kwa tajiri mmoja wa boti kule Kilwa, nikaambiwa ni ya kujikimu tu. Nikavua miaka miwili nalipa hiyo laki mbili. Kila nikiomba hesabu naambiwa wavu ulichanika, mafuta yalipanda. Nilitoroka usiku, nguo zangu nikaziacha kule kule. Nguo moja alinishonea marehemu mama.

Lukuledi:
Pole sana kaka. Mkuu Ulingo, nakujibu. Mpinzani ana kilo 112, amecheza 14 na kushinda tisa. Raundi sita si ajabu, Ali naye pambano lake la kwanza la kulipwa, Oktoba 1960, lilikuwa la raundi sita. Kuhusu kusaini, ndiyo, nimeshasaini. Nimepokea laki sita pia. Nimemnunulia mama mabati, masika haya amelala ameegesha ndoo tatu chumbani. Mabati yameshapigiliwa. Kwa hiyo naomba msinishauri kama mtu ambaye bado yupo mlangoni.

Ulingo wa Zamani:
Mdogo wangu, Ali alipopigana hizo raundi sita alikuwa ametoka Roma na dhahabu ya Olimpiki miezi isiyofika miwili iliyopita, na nyuma yake ana mapambano ya ridhaa takriban mia. Wewe una tisa. Ridhaa ulizoea raundi tatu na glovu za aunsi 12. Kulipwa uzito wako ni glovu za aunsi 10, pamba imepungua, ngumi ile ile inaingia tofauti. Mtu anaanza na raundi nne, na mtu wa kiwango chake.

Halafu uzito. Uzito wa juu wa kulipwa unaanzia juu ya ratili 200, yaani kilo 90.7, na kwenda juu hauna kikomo. Ndiyo maana wamekuwekea mtu wa kilo 112 na hakuna sheria iliyovunjwa. Wewe ni bondia wa kruza, uzito ulio chini ya huo. Kilo mbili na nusu tu zinakuweka na wanaolingana nawe. Usyk wa Ukraine alichukua dhahabu ya Olimpiki London 2012 kwenye kilo 91, alipoingia kulipwa akakaa kruza mpaka 2018, akakusanya mikanda yote minne, ndipo akapanda. Hakukurupuka.

Na timu ya taifa usiitumie kama sababu. Tangu 2016 hata wa kulipwa wanaruhusiwa Olimpiki. Ukiingia kulipwa hujafunga mlango.

Kitangari:
Wakuu mnahangaika bure, hii ni chai. Korosho mnada unaanza Oktoba, sasa hivi ni Mei, maghala yamefagiliwa, yeye anapakia magunia gani? Pili, kwenye uzi wa michezo wiki iliyopita aliandika amecheza mapambano 11, leo tisa. Tatu, bondia wa uzito wa juu Mtwara ambaye hakuna mtu anamjua? Anatunga ili aombe namba za watu amalize bando letu la huruma.

Mtani wa Newala:
Duh, kweli lile la 11 na mimi nililiona. Mtani, lete picha ya mabati.

Mnyanja wa Msimbati:
Mimi nimeeleza mambo ya mama yangu hapa. Kama ni chai nitaumia.

Lukuledi:
Kaka Mnyanja, si chai, naapa.

Magunia ni ya saruji. Msimu wa korosho ukiisha kuli anahamia kwenye saruji, anayeishi Mtwara anajua. Kumi na moja ndizo zilizoandikwa kwenye kitabu cha klabu. Mbili ni zile ambazo mpinzani hakutokea. Nilizopigana ni tisa.

Na kama mnataka hesabu kamili, kuna moja haijaandikwa popote. Siku kumi zilizopita promota aliniita Dar anipime kwa mazoezi ya kupigana na mtu wake. Raundi ya tatu ilinikuta ngumi ya kulia sikuiona inatoka wapi. Nimezinduka nipo kwenye benchi wananimwagia maji, wakaniambia nimezima kama dakika mbili. Kesho yake alfajiri nikapanda basi. Sikumbuki daraja la Mkapa, sikumbuki Nangurukuru, nimekuja kujitambua vizuri tupo Mingoyo. Karatasi nilisaini jioni ile ile ya kupigwa. Tangu hapo kichwa kinaniuma kila asubuhi, na usiku taa ya bodaboda naiona mbili. Promota alisema nisimwambie mtu, mambo ya gym yanabaki gym.

Lakini kazini naenda, na juzi nimekimbia mpaka Mikindani. Si mgonjwa.

Mama Nasra:
Mwanangu, mimi ni muuguzi, nimeacha chakula jikoni nikuandikie. Hayo uliyoyataja, kuzima, kusahau safari, kichwa asubuhi, taa mbili, na huko kukosa usingizi ulikoanzia uzi wako, ni ubongo uliotikisika na haujapona. Nenda hospitali kesho, usingoje Jumatatu. Waambie neno kwa neno kama ulivyotuambia sisi. Watakupiga CT scan kuangalia kama kuna damu inavuja ndani. Ikitoka safi usiruke kwa furaha, kile kipimo kinaonyesha damu na mifupa iliyopasuka, mtikisiko wenyewe hakiuoni. Bondia aliyepigwa KO hupumzishwa si chini ya siku 30, na aliyezima kama wewe ni zaidi. Ngumi ya pili juu ya ubongo ambao haujapona inaweza kuuvimbisha mtu akafa palepale ulingoni. Kukimbia acha. Magunia acha.

Kitangari:
Nafuta kauli yangu yote. Samahani ndugu. Msikilize mama.

Lukuledi:
Nashukuru mama. Ila nikiacha magunia tunakula nini, na laki sita narudisha na nini? Ningeenda tu nimalize hili moja, halafu nipumzike. Bondia Anthony Joshua 2019 aliangushwa na Andy Ruiz mara nne na akarudi kumshinda mwaka ule ule.

Ulingo wa Zamani:
Juni mpaka Desemba. Miezi sita. Wewe unataka siku 27.

Sikiliza, hili sijawahi kuliandika. 1996 nilipigwa mazoezini kama wewe. Daktari wa pambano akaniuliza unajisikiaje, nikasema nipo fiti, kwa sababu nilikuwa nimeshachukua hela ya kodi. Nilishinda lile pambano. Watu walinibeba. Leo mke wangu akinituma vitu vitatu sokoni narudi na kimoja. Mikono inatetemeka, huu ujumbe namsomea mwanangu ndiye anauandika, na ameacha kuandika mara mbili.

Laki sita ni deni, mdogo wangu. Deni watu wanalipa.

Bi Hadija:
Kuhusu deni. Chukua karatasi ya daktari, mwandikie promota kwa maandishi kwamba huwezi kupigana tarehe hiyo, taja na siku uliyopigwa kwenye mazoezi yake. Nakala peleka TPBRC, wao ndio wanaotoa leseni za ngumi za kulipwa na kusimamia mapambano. Mwambie utalipa kidogo kidogo kuanzia msimu wa korosho. Mabati ya mama hayang'olewi na mtu.

Lukuledi:
Mrejesho. Leo mchana nilimpigia kocha nikamwambia kila kitu. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Baada ya nusu saa akaja na baiskeli, tukaenda wote hospitali. CT ni safi, hakuna damu. Daktari amenipa karatasi, miezi mitatu hakuna kupigana wala mazoezi ya kupigana, na wiki mbili nyumbani bila magunia. Karatasi nimeipiga picha nikamtumia promota. Ameisoma, hajajibu.

Kocha hakunigombeza. Alipotaka kuondoka aliomba glovu zangu, akazifunga kwenye kariya ya baiskeli. Mama akamuuliza anazipeleka wapi, akasema anazianika.

Mama Nasra:
Umelala?

Lukuledi:
Bado mama. Nasikiliza mvua, inapiga juu ya bati.