MAJIRANI UMOJA KASHAI: Chakula cha Mashujaa

*Jumatatu*

Mama Jeska (Katibu), 06:02
Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, habari za asubuhi majirani. Nakumbusha kwa mara ya tatu. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, mwaka huu imeangukia JUMAMOSI kwa hiyo hakuna wa kusingizia kazi. Chakula cha mchana cha wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera pamoja na vijana wetu walioko jeshini. Uwanjani kwa Mwalimu, saa sita kamili. Kila kaya elfu kumi. Mpaka sasa wamelipa wanne na mmoja wao ni mimi.

Mama Jeska (Katibu), 06:05
Bajeti: mchele kilo 30, nyama kilo 25, ndizi mikungu 6, maharage, soda kreti 5, keki, spika na maiki, maua ya meza kuu.

Deo Boda, 06:41
Keki ya nini tena? Amin anatimiza miaka mingapi? 😂

Mama Jeska (Katibu), 06:42
Deo lipa kwanza ndipo uchekeshe.

Deo Boda, 06:44
Mwalimu Nyerere alisema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Mimi sababu ya kula ninayo, nia ya kula ninayo. Uwezo ndio Mama Jeska anautafuta kwa tochi 🔦

Zuhura Mapishi, 07:30
Nyama achinje mtu wa kwetu, la sivyo mimi na wenzangu tutakula ndizi kavu. Mwaka juzi nilisema hivi hivi nikajibiwa "tutaangalia".

Mama Jeska (Katibu), 07:31
Zuhura limepangwa hilo, atachinja mdogo wako.

Mama Jeska (Katibu), 12:30
Mbona kimya? Humu tuko 63. Naona mnasoma mnapita.

Baba Prosper, 12:31
👍

Mama Jeska (Katibu), 12:31
Baba Prosper kidole hakinunui mchele.

Mama Godi, 19:15
Na turubai? Julai jua la saa sita kwa wazee si mchezo.

Mama Jeska (Katibu), 19:16
Turubai la umoja liko pale lilipo. Aliyenalo anajijua.

Baba Prosper, 19:17
Naona tunaanza.

Deo Boda, 19:18
Ngoja nivute kiti. Samahani, nimesahau viti viliondoka na turubai 🤣🤣

Baba Prosper, 19:20
*Ujumbe huu umefutwa*

*Jumanne*

Kelvin wa Dar, 08:10
Wapendwa nimeona. Wazo langu: watoto wa mtaa wavae kombati wapige gwaride dogo mbele ya wazee. Itapendeza kwenye video.

Mwalimu Mstaafu, 08:25
Kelvin, huko Dar hamsikilizi taarifa? Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba watu wasalimishe sare na nguo zinazofanana nazo. Unataka watoto wetu waruke kichura?

Deo Boda, 08:27
Mimi kaptula yangu ya madoadoa niliipeleka jalalani usiku nikiwa nimejifunika khanga ya mama watoto 😭

Kelvin wa Dar, 08:29
Basi wavae nyeupe.

Mama Godi, 09:02
Na mimi niseme. Godi akipata ruhusa atakuja, ila asipigwe picha ya kurushwa mitandaoni, wana taratibu zao. Aje kama Godi wa hapa Kashai. Na msimsimamishe aeleze habari za Kongo. Tangu wale vijana wetu wauawe Semuliki, Desemba 2017, mimi simu ikiita usiku nakaa kitandani kwanza, nashika ukuta, ndipo napokea.

Mama Nesi, 09:20
Pole mama. 🙏

Zuhura Mapishi, 09:21
Pole sana dada.

Deo Boda, 09:50
Jamani kuna mbuzi mweusi ana kamba ya bluu yuko kwenye migomba ya Mwalimu anakula. Wa nani?

Mama Jeska (Katibu), 09:52
Mama Godi tumekuelewa, picha HAPANA. Tuendelee. Nani anatoa sufuria kubwa?

Mwalimu Mstaafu, 09:53
Mbuzi wa Mjumbe. Kama kawaida.

*Jumatano*

Mama Jeska (Katibu), 06:00
Waliolipa: 7. Naweka orodha ya MEZA KUU mapema asije mtu akalalamika.
Sajenti (mgeni rasmi). Koplo wa kule bondeni. Fundi wetu wa magari ya jeshi. Mama Nesi, aliyehudumia majeruhi. Godi akija.
Wengine wote mtakaa viti vya kawaida.

Mama Nesi, 10:15
Nashukuru kukumbukwa. Mimi bunduki sikushika. Nakumbuka ndege za Amin zilivyopita Bukoba, mji ukabaki kuku na mbwa. Sisi tulibaki na wagonjwa. Keki mnifungie nipelekee wajukuu, nina sukari. Na hao wazee wengine wana presha, hizo soda kreti tano atakunywa nani?

Deo Boda, 10:17
Mimi.

Asimwe, 13:05
Shikamooni wakubwa. Mama Jeska, babu simwoni kwenye orodha.

Mama Jeska (Katibu), 13:07
Asimwe mwanangu, babu yako ni wetu sote, atakula vizuri tu kama mzee wa mtaa. Meza kuu ni wenye karatasi za jeshi. Ndivyo tulivyofanya mwaka juzi.

Asimwe, 13:09
Mwaka juzi alikaa na wapishi.

Zuhura Mapishi, 13:10
Na sisi tulimpa firigisi. Ila ni kweli alikaa nasi.

Sajenti, 14:20
Mgambo walikuwepo, sikatai. Lakini vitani kuna kwenda na kuna kusimama. Wa Lukaya, kule Uganda, wanajijua.

Mwalimu Mstaafu, 14:26
Sajenti, hilo neno tulilizika pamoja na marehemu Petro. Tulishikana mikono wewe ukiwepo.

Sajenti, 14:27
Sijamtaja mtu.

Deo Boda, 14:30
Mbuzi amehamia kwa Mama Nesi. Yeye ndiye anapigana vita ya msituni 😂

Mama Jeska (Katibu), 14:31
DEO. Majirani tusitoke kwenye mada. Sufuria bado.

Asimwe, 20:47
Majirani, babu nimemsomea yote. Amesema niandike anavyosema, nisipunguze wala nisipake sukari:

"Nawasalimu. Mimi nilikuwa mgambo, Brigedi ya 201. Wengi wetu mle tulikuwa mgambo. Tarehe 10 Machi 1979 pale Lukaya Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitumiminia makombora. Barabara inapita katikati ya matope, hakuna hata kichuguu cha kujibanza. Tulikimbia. Mimi nilikimbia mpaka nikazama kifuani kwenye mafunjo, na sijapata kumwambia mtu kwamba sikukimbia. Wakatukusanya. Alfajiri tukarudi, sisi kwa mbele, Brigedi ya 208 wakatokea nyuma ya adui. Sajenti anayajua hayo. Yeye alikuwa 208, na asubuhi ile ndiye aliyeniomba maji.

Chakula nyumbani kwangu kipo. Maiki msinipe. Keki siiwezi, meno sina. Kama hela mnazo, kodini gari mtupeleke Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa. Nina wenzangu wawili pale, na tangu miguu ianze kunisumbua sijaenda kuwasalimia. Meza kuu kaeni ninyi."

Mwalimu Mstaafu, 21:30
Shikamoo mzee wangu.

Mama Nesi, 21:32
Waitu. Shikamoo.

Zuhura Mapishi, 21:40
Shikamoo babu.

Deo Boda, 21:58
Shikamoo babu. Mbuzi nimemrudisha.

*Alhamisi*

Mama Jeska (Katibu), 05:50
Shikamoo Babu, tumekusikia na tumelipokea kwa heshima zote 🙏. ILA majirani muelewe mchele nimeshautolea kianzio na mwenye duka harudishi. Nyama nimeagiza. Siwezi kuvunja kila kitu siku tisa kabla.

Mwalimu Mstaafu, 06:20
Nani kasema uvunje? Toa keki, toa maua, toa spika. Hiyo ni nusu ya gari.

Mama Jeska (Katibu), 06:21
Mwalimu, kukaa kwenye kamati ulikataa.

Deo Boda, 06:35
Kuna jamaa yangu ana Kosta. Kwenda na kurudi laki mbili na nusu, mafuta juu yake. Wazee, wasindikizaji na mimi.

Mama Jeska (Katibu), 06:36
Wewe kama nani?

Deo Boda, 06:36
Msemaji wa mbuzi.

Kelvin wa Dar, 07:15
Natuma elfu hamsini ya gari. Nilikuwa sijui kwamba babu alikuwa Lukaya. Nimekulia nyumba ya tatu kutoka kwake, miaka yote alikuwa anatuchongea manati tu.

Mama Jeska (Katibu), 07:16
Kelvin tuma ya CHAKULA kwanza, hujalipa.

Mama Godi, 08:40
Siku hiyo yenyewe si viongozi nao watakuwa Kaboya? Kutakuwa na gwaride, mkuki na ngao, shada la maua. Wazee wetu watasimama jua lote hilo nyuma ya kamba wasiwaone hata hao wenzao. Mimi naona twende siku nyingine, kimyakimya.

Mwalimu Mstaafu, 08:44
Kwa nini wasimame nyuma ya kamba? Siku ni yao.

Mama Godi, 08:45
Mwalimu, umewahi kuhudhuria ukiwa huna kadi?

Zuhura Mapishi, 09:10
Mkienda asubuhi mkarudi saa tisa mimi chakula nakifunika na nini? Ndizi zikipoa zinakuwa mawe, na wazee meno hawana. Au tupike tupeleke huko huko kwenye mahotipoti. Lakini kula makaburini siwezi kuamua mimi.

Mama Jeska (Katibu), 09:12
Hakuna kula makaburini!!

Baba Prosper, 11:02
Nimelipa elfu kumi. Na turubai lipo, nitalileta. Halikuibwa, lilichanika kwenye msiba wa kwetu nikaona aibu kusema. Nimelishonea.

Mama Jeska (Katibu), 11:03
…

Mama Jeska (Katibu), 11:04
Asante Baba Prosper. Na viti?

Baba Prosper, 11:05
Viti sivijui.

Sajenti, 16:48
Nimesoma. Maji ni kweli aliyatoa yeye. Yalikuwa na ladha ya mafuta ya taa.

Asimwe, 17:10
Babu anacheka mpaka anakohoa. Anasema galoni lenyewe walilikuta kwenye duka lililovunjwa, na kwamba ulikunywa lote hukumbakizia.

Sajenti, 17:13
Nililibakiza.

Sajenti, 17:20
Habari ya karatasi sikuianzisha mimi. Orodha ni ya kamati. Lakini kwenye gari nitakaa naye. Kama gari lipo.

Mwalimu Mstaafu, 17:22
Na hilo neno la jana?

Mama Nesi, 17:40
Mwalimu, muache mzee apumue.

Mama Jeska (Katibu), 18:00
Majirani nasoma mwelekeo. Pendekezo: Jumamosi chakula kibaki saa sita. Kaboya twende Jumapili baada ya ibada, wenye nafasi. Keki naiondoa, inaingia kwenye gari. Spika INABAKI, nimeshalipia. Meza kuu tutaiangalia. Mnakubali?

Mama Jeska (Katibu), 20:15
Mnakubali?

Baba Prosper, 20:16
👍

Asimwe, 20:30
Babu amelala. Nitamuuliza kesho. Jumapili huwa haendi popote, labda akubali.

Deo Boda, 20:33
Mwenye Kosta Jumapili ana harusi Muleba 🙈 naulizia mwingine.

*Ijumaa*

Mjumbe, 10:40
Habari zenu. Nilikuwa msibani sikuwa na bando. Nimeona ujumbe 118, sikusoma wote. Barua ya ofisi ya mtaa nimeshaandika ya chakula Jumamosi, idadi ya watu 80. Sasa hapa naona Kaboya. Niiandike upya?

Mama Jeska (Katibu), 10:41
Usiandike kwanza.

Mwalimu Mstaafu, 10:41
Andika.

Mama Jeska (Katibu), 10:43
Andika vyote viwili, tarehe ya Kaboya acha wazi. Waliolipa ni 11. Na Mjumbe, mfunge mbuzi wako.