Naomba ushauri: hukumu ya Seneti imekivuruga kikundi chetu cha kuzikana

Habarini ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Naishi Columbus, Ohio, na ni katibu wa kikundi cha kuzikana cha familia zinazozungumza Kiswahili.

Tangu Seneti imwachie Trump tarehe 13 Februari 2021, hatuelewani. Maseneta 57 walisema ana hatia ya kuchochea uvamizi wa jengo la Bunge la Marekani wa Januari 6, 43 wakakataa, na ili kumtia hatiani zilitakiwa kura 67. Baadhi yetu wanasema ameachiwa, basi hana kosa, tena kesi yenyewe iliendeshwa akiwa ameshaondoka Ikulu. Wengine wanajibu kwamba hata maseneta 7 wa chama chake cha Republican walimtia hatiani. Maseneta wetu wa Ohio wa wakati huo nao waligawanyika: Portman alimwachia, Brown akamtia hatiani.

Kutofautiana si tatizo. Kinachoniumiza ni kwamba mzee aliyetupokea wengi wetu tulipofika huku ameitwa msaliti mbele ya wanawe. Familia mbili zimeacha kutoa mchango, na tuna mgonjwa hospitalini anayetutegemea.

Nimepiga marufuku siasa kwenye kundi la WhatsApp, wakahamia kwenye simu. Nimeita pande zote mbili tukae, ukaja mmoja.

Naomba mnisaidie: niitishe kikao cha wote, au niende nyumba kwa nyumba nikiwa na wazee? Na aliyemtukana mzee, tumtoze faini kwa mujibu wa katiba yetu, au tumsihi kwanza aende akamwombe radhi?