Baada ya Sibelius, nimsikilize nani katika muziki wa okestra wa Ufini?

Mpenda Simfoni
Wanajukwaa, salaam. Nimekwisha kuzisikiliza simfoni zote saba za Jean Sibelius pamoja na Tapiola, kazi yake ya okestra ya mwaka 1926, na sasa ninatamani kuwafahamu watunzi wengine wa Ufini wa miaka hiyohiyo. Kila nikitafuta, narudishwa kwake yeye tu. Je, wenzake hawakuwa na la kusikilizwa, au ni sisi tu ambao hatujaelekezwa? Naomba kazi moja au mbili za kuanzia, si orodha ndefu ya majina.

Fidla ya Pili
Ndugu, anza na Simfoni ya Pili ya Leevi Madetoja. Mtunzi huyu alizaliwa Oulu mwaka 1887 na kufundishwa utunzi na Sibelius mwenyewe. Simfoni hiyo aliikamilisha mwaka 1918, wakati Ufini, ambayo ilikuwa imejitangazia uhuru miezi michache tu kabla, ilipokuwa imetumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita hivyo vilimpokonya ndugu yake, Yrjö. Na mwezi Mei rafiki yake, mtunzi Toivo Kuula, akafariki kwa jeraha la risasi aliyopigwa huko Viipuri katika ugomvi wa mkesha wa Mei Mosi. Sisemi kwamba kila noti ni maombolezo, kwani sehemu ya kwanza ina utulivu mwingi, na katika ya pili obo na honi, ala mbili za kupuliza, huitana kwa mbali kama wachungaji walio ng'ambo mbili za bonde. Ghasia huja katika sehemu ya tatu, kisha ya nne, iliyo fupi, huipoza taratibu. Tafadhali usiikatize katikati: sehemu ya kwanza huingia katika ya pili bila kusimama, na ya tatu katika ya nne vivyo hivyo. Okestra ya Helsinki imeirekodi vizuri chini ya John Storgårds.

Karani wa Noti
Nakubaliana na Fidla ya Pili kuhusu ubora wa kazi hiyo, lakini Madetoja hatakupeleka mbali sana na mwalimu wake. Anayetaka kusikia Ufini tofauti kabisa amtafute Väinö Raitio, ambaye Kuutamo Jupiterissa yake ya mwaka 1922, yaani mbalamwezi katika sayari ya Mshtarii, ni rangi tupu za okestra, na mtu akitafuta wimbo wa kuondoka nao mdomoni hataupata. Yupo pia Aarre Merikanto. Opera yake Juha ilikamilika mwaka 1922, lakini haikupandishwa jukwaani hadi mwaka 1963 huko Lahti, miaka mitano baada ya yeye kufariki. Alifika hata mahali pa kukata kurasa za miswada yake mwenyewe, na mojawapo ya kazi alizoziharibu hivyo ilibidi ijengwe upya na Paavo Heininen, aliyekuwa mwanafunzi wake. Kwa hiyo siridhiki na maelezo tunayoyasikia mara nyingi, kwamba wote hawa walifunikwa na kivuli cha Sibelius. Wasikilizaji wa Helsinki wa miaka ya 1920 hawakuupenda usasa wa aina hiyo, na kazi ambayo haikuchapwa haikuweza kuvuka mipaka.

Mpenda Simfoni
Nawashukuru sana. Raitio atasubiri kidogo, maana bado napenda wimbo wa kuondoka nao. Je, kati ya Madetoja na usasa huo hakuna aliyesimama?

Fidla ya Pili
Yupo Erkki Melartin, mwenye simfoni sita, ambaye tangu mwaka 1911 hadi 1936 aliongoza chuo cha muziki cha Helsinki. Jinsi alivyopata muda wa kutunga sijui. Sikiliza Simfoni yake ya Nne ya mwaka 1912, ambamo sauti tatu za wanawake huimba bila maneno ndani ya sehemu ya polepole. Leonid Grin alizirekodi zote sita akiwa na okestra ya Tampere.

Karani wa Noti
Ukishamaliza hiyo, rudi kwa Madetoja usikilize muziki wa baleti yake Okon Fuoko, yenye kisa cha Kijapani. Utaona kwamba naye alipotaka kutoka nje ya njia ya mwalimu wake, alitoka.