Trauti wa Green River, Utah: niende mwezi gani?

Mzawa wa Nyeri:
Wandugu, nimehamia Salt Lake City hivi karibuni. Nyumbani nilizoea kuvua samaki aina ya trauti kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyopambwa ifanane na mdudu, katika mito inayoshuka kutoka Aberdare, nikiongozwa na mvua tu: mto ukichafuka, narudi nyumbani. Sasa nataka kuvua kwa miguu kando ya mto Green River, kutoka Bwawa la Flaming Gorge hadi Little Hole, mwendo wa kilomita 11 hivi, lakini naambiwa mto huo hupanda hata siku ya jua kali. Nichague mwezi upi?

Mpiga Kasia:
Karibu, ndugu yangu. Mvua iweke kando, kwa sababu pale mwenye mto ni bwawa: maji huachiwa kufuatana na mahitaji ya umeme, kuanzia meta za ujazo 23 hivi kwa sekunde hadi zaidi ya 100 mitambo inapofanya kazi kwa nguvu zote. Soma ratiba ya maji kabla ya kuondoka. Ukifika, weka jiwe jeupe pale maji yanapoishia, na ukiona limelowa, toka mtoni kwanza, maswali baadaye. Mimi huenda Aprili, siku za mawingu, wakati vijidudu vya Baetis, ambavyo husimamisha mabawa kama tanga la ngalawa, vinapoelea adhuhuri na trauti kuvidonoa kimyakimya.

Mzee wa Nyenze:
Kwa heshima zote, Aprili ni ya wenye macho makali, maana vijidudu hivyo ni vidogo mno. Mimi husubiri nyenze, mwishoni mwa Mei na Juni, kwani nyenze bandia akianguka chubwi, trauti huja juu bila kujiuliza mara mbili. Kasoro ni kwamba majira hayohayo maji huongezwa kwa makusudi ili kuwasaidia samaki wa asili walio hatarini kutoweka huko chini, na kingo za kusimama huwa chache. Miaka ya mwanzo baada ya bwawa kukamilika mwaka 1964, maji yalitolewa kilindini na kuwa baridi mno, hata trauti wakadumaa. Tangu 1978 huchotwa kwenye tabaka lenye joto la kufaa.

Mzawa wa Nyeri:
Nashukuru, wazee wangu. Kwa kuwa nitatembea peke yangu, nachagua Aprili. Ila ndoana zangu zote ni namba 12 na 14; zitatosha kweli?

Mpiga Kasia:
Hazitatosha. Namba ikipanda ndoana hupungua ukubwa, kwa hiyo tafuta namba 18 na 20, na uzi mwembamba wa mwisho wa mshipi.