Gumzo la shirika letu (jumuiya ndogo ya Wakatoliki wanaosali nyumbani kwa zamu), Kadutu, mjini Bukavu, Kongo: jamaa mbili zilizohamia avenyu yetu

Mwenyekiti wa shirika: Tumsifu Yesu Kristu. Ndugu zangu, jamaa mbili zimehamia kwenye avenyu yetu, moja ikitokea Shabunda na nyingine Nyamukubi, kijiji cha Kalehe, na zote zimeomba kusali pamoja nasi. Ninaomba tukubaliane humu, kabla ya mkutano wa Alhamisi, namna ya kuwapokea.

Mama Furaha: Milele na milele, amina. Asante, Baba Mwenyekiti. Mimi ningependa tuache desturi ya kumsimamisha mgeni mbele ya wote ili aeleze ametoka wapi, ameolewa na nani na amefuata nini Bukavu. Mtu aliyepoteza kwake asilazimishwe kusimulia msiba wake mbele ya nyuso asizozijua, kisha apigiwe makofi. Inatosha Mwenyekiti ataje jina lake nasi tumsalimu. Mengine atayasema mwenyewe akishatuzoea.

Baba Bahati: Mama Furaha, ninakuheshimu, lakini hapo sijaridhika. Nyakati hizi ni za wasiwasi, na tunasali ndani ya nyumba zetu. Zamani mtu alihama na barua ya paroko wake pamoja na karatasi ya ubatizo. Hawa wa Nyamukubi hawana hata moja, na mtoto wao mkubwa anataka kuanza mafundisho ya kipaimara.

Mama Furaha: Karatasi hizo zilikwenda na nyumba yao katika mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023, Baba Bahati. Hawakuziacha kwa uzembe.

Katekista: Naomba nieleze jambo hili, kwa sababu Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 iliwafikiria watu kama hawa. Kanuni ya 876 inasema kwamba, ikiwa hakuna anayedhurika, ushuhuda wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka unatosha kuthibitisha ubatizo. Mama wa ubatizo wa mtoto huyo anakaa Bagira. Aje kwa paroko, aseme alichokiona. Tena kwa kanuni ya 102, anayefika mahali kwa nia ya kukaa angalau miezi 3 anahesabiwa tayari kuwa mkaaji wa parokia hiyo, na kwa kanuni ya 107, hata asiye na makao popote, paroko wake ni yule wa mahali alipo. Kwa hiyo hawaombi hisani yetu. Parokia hii ni yao.

Baba Bahati: Asante, Mwalimu. Kuhusu karatasi nimeelewa, nami nitamsindikiza baba yao mpaka ofisini kwa paroko.

Mama Neema: Mimi nina uchungu na jambo jingine. Alhamisi iliyopita mama wa Shabunda alikaa kwenye kibao karibu na mlango, kitabu cha nyimbo kikiwa kimefungwa mapajani tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu tuliimba nyimbo zote kwa Mashi, lugha ya wenyeji wa hapa, ambayo yeye haijui. Sala ilipokwisha tukaendelea kwa Mashi hiyohiyo kupanga mambo ya harusi, naye akambeba mtoto wake mgongoni akatoka. Hakuna aliyemfanyia ubaya, lakini hakuna pia aliyempa neno, na mtu akikutana na ukimya wa namna hiyo mara mbili au tatu, hatarudi, hata kama siku ya kwanza tulimpokea kwa vigelegele.

Mwenyekiti wa shirika: Mama Neema amegusa penyewe. Sisi wa Bukavu tunamkumbuka Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyewatetea wakimbizi bila kuuliza kabila lao, mpaka akauawa humu mjini tarehe 29 Oktoba 1996. Aliyemrithi mwaka 1997, Askofu Mkuu Kataliko, alikuwa Mnande, mtu wa kabila la Kivu ya Kaskazini, aliyetoka Butembo, ambako alikuwa askofu tangu 1966. Mwaka 2000, wenye mamlaka wa wakati ule walipomzuia huko Butembo, Wakristu wa Bukavu walimdai kwa miezi kadhaa kama mtu wa kwao. Kama tuliweza kumfanya mchungaji kutoka mbali kuwa wetu, tunaweza kuimba Kiswahili kwa ajili ya mama mmoja.

Mama Furaha: Nami nitakaa karibu naye. Kesho asubuhi nitampeleka sokoni, nimwonyeshe wanapouza makala ya kupikia kwa bei nafuu na njia isiyoteleza mvua ikinyesha.

Baba Bahati: Je, mchango wa kila mwezi?

Mwenyekiti wa shirika: Tusiwadai kitu mpaka wapate kazi, wala jambo hilo lisitajwe mbele yao. Watakapotaka kutoa, watatoa.

Mama Neema: Lakini tusiwaache wakae bure pia. Baba wa Nyamukubi aliniambia kwamba kwao alikuwa msomaji wa masomo kanisani.

Katibu: Basi ninaandika: Alhamisi, saa kumi na moja jioni, kwa Mama Neema. Nyimbo zitakuwa kwa Kiswahili. Somo la kwanza atasoma baba wa Nyamukubi. Mwalimu atampelekea kitabu leo jioni ili ajitayarishe.