Mrejesho: niliyeuliza kuhusu jiko la mahamri Majengo

Assalamu aleikum ndugu zangu. Niliwauliza kabla ya Ramadhani: nina jiko la mahamri na mbaazi, wasaidizi 3, na nikitoka tu kazi inalala. Niwabadilishe? Wengi mliniambia tatizo ni mimi, sitaki kuachia kitu. Nilikasirika, lakini mlisema kweli.

Nilimkabidhi dada mmoja kazi ya kukanda. Siku ya kwanza mahamri yalitoka magumu, hayakufura. Nilishafungua mdomo kufoka mbele ya wateja, kisha nikajiuliza: nani alimfundisha kipimo? Hakuna. Miaka yote nakadiria kwa mkono. Usiku ule tulikaa na mizani, tukaandika: unga kilo 2, sukari gramu 350, hamira gramu 20, iliki, tui zito la uvuguvugu. Karatasi ipo ukutani, ina madoa ya mafuta, na mahamri sasa yanafura hata nikiwa nimelala.

Pesa ndiyo iliyonitisha zaidi. Nikaweka daftari, kila jioni tunahesabu pamoja.

Juzi nilikwenda Lamu harusini, siku 3, simu sikuipiga ila mara moja. Nimerudi, mbaazi za soko la Kongowea zilinunuliwa ghali, basi. Tulizungumza kando, si mbele ya watu.

Shukran sana, hasa yule mama aliyeniambia nimpe mtu kazi pamoja na uamuzi wake. Sasa nataka kumwongeza mshahara yule dada wa kukanda. Mwenye uzoefu, mgao wa faida mnaupangaje?